Nusu saa inatosha

Watu wa Dar wakija Dodoma mwezi Oktoba hulalamikia jua. Mimi Oktoba nalala usingizi mzuri. Jua linachoma kweli na vumbi linaingia hadi kwenye meno, lakini jasho likitoka linakauka papo hapo, na farasi akirudi bandani unamkuta chumvi nyeupe imeganda ubavuni kama ramani. Siku zinazoninyima raha ni za Januari na Februari. Mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi jua limetoka limeoshwa, mashamba ya uwele ni kijani kitupu, na ardhi inaanza kufuka mvuke. Hapo ndipo simu inaanza kuita: "Mwalimu, leo kumependeza! Tunakuja watano, ila hatujawahi kupanda."

Kuongoza wageni juu ya farasi ndiyo shughuli yangu ya mwisho wa wiki. Tangu Serikali ihamie hapa, watu wenye Jumamosi tupu wameongezeka, nao wanatafuta cha kufanya zaidi ya nyama choma. Nina jambo moja la kusema, na najua litawaudhi wenye mabanda: wakati wa kifuku, mgeni asiyejua kupanda auziwe nusu saa, asiuziwe saa nzima. Na anayeongoza awe na ruhusa ya kugeuza hata kabla ya hiyo nusu, bila kumpigia mtu simu.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Wapanda farasi wana kanuni ya zamani: chukua joto kwa vipimo vya Farenhaiti, ujumlishe na asilimia ya unyevu hewani. Chini ya 130 hakuna shida. Ikivuka 150, mwili wa farasi unaanza kushindwa kujipoza. Ikifika 180, mwache zizini. Sasa piga hesabu ya Dodoma. Mchana wa Oktoba wenye nyuzi 32 za Selsiasi, ambazo ni kama 90 za Farenhaiti, na unyevu wa asilimia 30, unapata 120. Asubuhi ya Januari baada ya mvua, nyuzi 28 tu, sawa na 82, lakini unyevu ni asilimia 80: 162. Siku ambayo mgeni anaiona ya ubaridi ndiyo inayomwumiza mnyama. Kanuni hii si msahafu, maana alfajiri unyevu huwa juu kuliko muda wowote na bado farasi anakwenda vizuri kwa sababu jua halijapanda. Ila kwa saa nne asubuhi sijaona ikikosea sana.

Farasi ni tanuri. Misuli yake ikifanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inageuka joto, na joto hilo analitoa hasa kwa jasho. Kwenye kazi nzito anaweza kumwaga lita 10 hadi 15 kwa saa moja. Lakini jasho linapoza likikauka tu. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho linachuruzika hadi kwenye kwato, linafanya povu chini ya hatamu na katikati ya mapaja, na mnyama anabaki na joto lake, huku chumvi imeshamtoka.

Hapa kwetu kuna shida nyingine, nayo ni punda. Tumezoea kumwona na madumu manne ya maji mgongoni saa saba mchana, kimya, hana habari, kwa hiyo mgeni anamwona farasi kama punda mkubwa aliyekula vizuri. Punda asili yake ni nyika kavu za kaskazini-mashariki mwa Afrika, kiu anaijua tangu kwa mababu. Farasi akikosa maji kidogo tu anaonyesha.

Miaka michache iliyopita nilikuwa naongozea banda la mtu mwingine. Jumamosi ya Februari, saa nne asubuhi, wageni watano. Mwenye banda alipanga makundi matatu kwa siku, letu lilikuwa la pili, farasi walewale. Nikawashusha kwenye korongo la mchanga kwa sababu kule chini kuna kivuli cha migunga. Kosa hilo. Korongoni hakuna upepo, na mchanga uliolowa unamvuta farasi miguu kila hatua. (Kosa lingine ni kwamba mvua ikinyesha huko juu, korongo linaleta maji bila hodi. Siku ile Mungu alituangalia tu.)

Nyuma yangu alikuwa dada mmoja mfanyakazi wa ofisi, mcheshi kweli. Tangu tunatoka alikuwa anasimulia harusi ya binamu yake, na nani alikwepa kuchangia. Tulipofika nusu ya njia, harusi ikakatika hata bibi harusi hajaingia ukumbini. Nikashukuru kimoyomoyo, nikadhani ameanza kufurahia mandhari. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeachia hatamu, umeng'ang'ania tandiko. Niliuona. Nikatazama saa, nikaona zimebaki dakika 25 za watu waliolipa, nikaendelea kuvuta kamba.

Alipoanza kuteleza aliteleza taratibu, kama gunia linaloshuka kwenye baiskeli. Farasi wake, jike mmoja mzee wa rangi ya hudhurungi, akasimama mwenyewe, akapanua miguu ya mbele, akatulia mpaka nikafika na kumdaka yule dada kwa bega. Tukamlaza kivulini, tukamfungua kofia, tukammwagia maji kichwani na shingoni. Alipopata nafuu nikamwuliza alikunywa nini asubuhi. Hakunywa kitu. Aliogopa kubanwa na haja njiani.

Nikamgeukia yule jike. Farasi aliyetulia anavuta pumzi 8 hadi 16 kwa dakika. Huyu ubavu ulikuwa unapiga kama mvukuto wa mhunzi. Nilihesabu hadi 70, dakika haijaisha, nikaacha. Nikiwa bado nimeshika ubavu, kaka mmoja wa kundi lile akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa mwalimu, sisi tunamalizia zetu?"

Simlaumu. Alilipia saa moja, na hakuna aliyemwambia wakati wa kulipa kwamba saa hiyo ina masharti. Wa kulaumiwa ni mimi niliyeuona mkono ule, na mpango wa makundi matatu. Jioni niliulizwa kwa nini kundi la tatu halikutoka, na hela yangu ya siku ikakatwa.

Tangu hapo naangalia zaidi mdomo wa mgeni kuliko miguu yake. Asiyejua kupanda anabana magoti, anashikilia pumzi, anakaza mabega. Anafanya kazi nyingi kuliko mzoefu huku amekaa tu. Uzito wake pia unalala. Mzoefu wa kilo 80 anakwenda na mgongo wa farasi, mgeni wa kilo 80 anadundia juu yake. Kawaida tunasema mzigo wote, tandiko likiwemo, usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Kifuku mimi nashuka chini ya hapo, na yeyote atakayenuna anune. Zaidi ya yote, mgeni ana aibu. Hatasema "nasikia kizunguzungu" mbele ya wenzake wanaopiga picha. Kwa hiyo namwongelesha njia nzima: kwenu wapi, umekula nini, Simba au Yanga. Wengine nawaimbisha, maana huwezi kuimba umeshikilia pumzi. Msemaji akinyamaza, au mtu akinijibu "ndiyo" kwa swali lisilo la ndiyo, nageuza. Kofia havui hata alie. Namlowanishia kanga namfunga shingoni.

Kuhusu maji tunabishana kila wiki na mzee anayetutunzia farasi. Mzee ni Mgogo wa hapahapa, amefuga tangu utoto, namheshimu sana. Nikimwamkia "Mbukwa" anaitikia vizuri, kisha akiona nimeshika ndoo uso unabadilika. "Mwanangu, mnyama wa moto hapewi maji, wala hamwagiwi ya baridi. Misuli itamkaza." Imani hiyo iko dunia nzima, si yake peke yake. Watafiti waliifanyia kazi kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996, kwa sababu kule joto na unyevu vilikuwa vinatishia farasi, wakaona maji ya baridi mwili mzima ndiyo yanayowashusha joto haraka, na misuli haikazi. Kwa hiyo tunamwaga bila kukoma, mpaka yanayochuruzika yasiwe ya moto, na kunywa anakunywa. Mzee husema "Haya," halafu ananificha ndoo. Nchi hii ya Ugogo, zamani misafara ya biashara ya Tabora ililipa hongo ili ipite na ipate maji. Nami hongo yangu ni sukari ya mzee.

Utaniambia: si utoke alfajiri yaishe? Natoka mapema, ndiyo, lakini alfajiri ina mwenyewe. Usubi unauma kuanzia machweo hadi jua linapochomoza, na kifuku ndio msimu wake. Huo ndio unaoeneza ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao ukimpata farasi asiyechanjwa, mara nyingi humzika. Punda akiupata kwa kawaida haonyeshi hata dalili, ndiyo maana watu hapa hawaujui. Basi nimebaki na kidirisha chembamba: jua likishatoka, kama saa moja asubuhi, hadi saa mbili na nusu. Ukigawa muda huo kwa saa nzima nzima, unaingiza kundi moja. Kwa nusu saa, ukiacha na muda wa kubadilisha watu, yanaingia mawili, farasi tofauti, na kila mtu anarudi anacheka. Hesabu hii nimewapigia wenye mabanda wawili. Mmoja amekubali.

Jumapili iliyopita niligeuza kundi dakika ya 18, kwenye mkwaju, kwa sababu farasi wa mbele alikuwa anahema na matundu ya pua yamepanuka ilhali tunatembea tu. Kijana mmoja akauliza kama watarudishiwa hela. Nikamwambia watarudishiwa nusu, iko kwenye karatasi waliyosaini. Akafikiri kidogo, akasema hela nibaki nayo, ila amwogeshe farasi yeye mwenyewe. Nikamwita mzee alete ndoo. Akaileta.