Tuzibe mabomba yanayovuja kabla ya bwawa la Mwache
Makala yenu kuhusu uhaba wa maji Mombasa yameweka matumaini yote kwenye bwawa la Mwache, huko Kwale, lakini bomba bovu litamwaga maji ya Mwache vilevile linavyomwaga ya chemchemi za Mzima na visima vya Baricho tunayotumia sasa. Ukaguzi wa uvujaji ufanywe mtaa kwa mtaa: fungeni valvu zote zinazoingiza maji mtaani, acheni njia moja yenye mita, isomwe saa nane hadi saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala na maji mengi yanayopita ni ya kuvuja. Kwetu kuna mtego: maji ya mgao hujaza matangi saa hizo hizo, mita ikaonyesha uvujaji usiokuwepo. Matangi yafungwe kwanza. Mgao ukirudi, valvu ifunguliwe polepole, maana presha ikipanda ghafla viungo hupasuka. Na wenye nyumba, tafadhalini, kagueni boya linalofunga maji tangi la juu likijaa: washa, yaani mpira wake wa kuzibia, ikilika, maji humwagika usiku kucha.