Punguzo la Pazia

Hivi, wenzangu wa Unguja na Pemba, ni nani kati yenu aliyewahi kulitia mkononi hilo punguzo linalotangazwa la tiketi za ndege za daraja la biashara, vile viti vya mbele vya bei ghali, la kwenda Nairobi, safari ya saa moja na ushee, fupi kuliko ya boti ya Dar es Salaam? Nilitaka kumkalisha mama mbele kwa sababu ya magoti yake, nikakesha siku tatu juu ya simu. Usiku bei ni ya kiungwana; alfajiri, kabla sijamaliza kuandika namba ya pasi, imeshapaa. Tunaambiwa viti hugawanywa kwa mafungu ya bei na fungu la rahisi likiisha ndiyo basi, lakini mbona huisha kila nifikapo mimi? Kisha kodi na ada hujitokeza mwishoni, kama wageni wa futari wasioalikwa. Na huko Ulaya, katika safari fupi, daraja hilo mara nyingi ni kiti kilekile cha nyuma, ila cha katikati kimeachwa kitupu na pazia limevutwa! Nilipomweleza mama, aliuliza kama pazia tutapewa tuje tulitundike ukumbini.