Albamu ya Pili ya Billie Eilish: Utulivu Uliohukumiwa Haraka

Lawama kubwa ya wasikilizaji dhidi ya "Happier Than Ever", albamu ya pili ya mwimbaji Mmarekani Billie Eilish iliyotoka tarehe 30 Julai 2021, ilikuwa fupi: imepoa. Waliompenda kwa ajili ya "bad guy", wimbo wa albamu yake ya kwanza, na besi yake walitarajia kutikiswa tena. Badala yake walipewa nyimbo 16 zenye jumla ya dakika 56, nyingi zikiimbwa kwa sauti ya chini juu ya gitaa au kinanda. Upande wa pili ukajibu kwamba binti wa miaka 19 amekomaa, na asiyesikia hilo hajasikiliza. Mabishano haya hayajaisha mpaka leo, na yanachochewa sana na takwimu moja ambayo watu huitaja bila kuifungua ndani.

Takwimu yenyewe ni hii. Albamu ya kwanza, ya Machi 2019, iliingia namba moja kwenye chati ya Billboard 200 ya Marekani kwa uniti 313,000 katika wiki ya kwanza. Ya pili nayo iliingia namba moja, ikakaa hapo wiki tatu, lakini ilianza na uniti 238,000. Pungufu ni 75,000, karibu robo. Kwa wanaoiponda albamu, hapo kesi imekwisha: mashabiki wameonja, wameondoka.

Tatizo ni kwamba uniti si kitu kimoja. Kwa kanuni za wakati ule, uniti moja ilikuwa albamu nzima iliyonunuliwa, au nyimbo 10 zilizonunuliwa moja moja, au strimu (wimbo kuchezwa mara moja mtandaoni) 1,250 za watu wanaolipia huduma, au strimu 3,750 za wanaosikiliza bure pamoja na matangazo. Zifungue namba hizo mbili uone. Mwaka 2019 albamu zilizonunuliwa zilikuwa 170,000, na strimu zikaleta uniti 137,000. Mwaka 2021 zilizonunuliwa zilikuwa 153,000, strimu zikaleta 84,000. Kwa hiyo katika lile pengo la 75,000, ununuzi umebeba 17,000 tu, na strimu zimebeba 53,000. Kilichobaki ni mauzo ya nyimbo moja moja, ambayo yamekuwa yakipungua kwa wasanii kwa jumla.

Hata hizo 17,000 zina maelezo. Oktoba 2020 Billboard ilibana kanuni za kuhesabu albamu zinazouzwa zikiwa zimefungwa pamoja na fulana au tiketi za onyesho, njia iliyokuwa imenenepesha mauzo ya wasanii wengi wakubwa. Kufikisha 153,000 baada ya mlango huo kubanwa ni kazi. Na ndani ya hizo 153,000, santuri zilikuwa 73,000. Tangu hesabu za kielektroniki za mauzo zianze mwaka 1991, ni albamu moja tu iliyokuwa imewahi kuuza santuri nyingi zaidi ya hizo kwa wiki moja. Albamu ya dakika 56 haitoshi kwenye santuri moja, kwa hiyo aliyeinunua alichukua sahani mbili, pande nne, na kila baada ya nyimbo chache lazima ainuke kugeuza. Huyo si msikilizaji aliyechoka.

Wanaoilaumu albamu wana jibu, na ni jibu zito. Strimu za wiki ya kwanza zilishuka kutoka takriban milioni 194 hadi takriban milioni 114. Albamu ya kwanza ilikuwa na vipande 14, kimoja kikiwa utangulizi wa sekunde chache usiofikia zile sekunde 30 ambazo Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, huzihitaji ili kuhesabu strimu. Ukigawa, kila wimbo wa albamu ya kwanza ulipata kama strimu milioni 15, na kila wimbo wa albamu ya pili kama milioni 7. Hiyo ni nusu, na haifutiki kwa maneno. Unaweza kusema nyimbo tano kati ya 16 zilikuwa zimeshatoka kama singo, yaani wimbo mmoja mmoja, "my future" ikitangulia mwaka mzima kabla ya albamu, hivyo mpya zilikuwa 11 tu. Lakini albamu ya kwanza nayo ilikuwa na singo nne zilizotangulia. Tofauti hiyo ya wimbo mmoja haielezi nusu nzima.

Kinachoieleza, kwa sehemu kubwa, ni namna muziki huu unavyosikilizwa. Strimu hupima kurudia, na wimbo unaorudiwa mara nyingi ni ule unaofaa kuchezwa huku mtu akifanya kitu kingine: anaendesha gari, anapika, yuko mazoezini. Albamu hii haifai kwa hayo, na hapo ndipo hukumu ya "imepoa" ilipopotea njia. Imepoa ikisikilizwa kwa mtindo uliozoeshwa na albamu ya kwanza.

Anza na spika ya simu. Spika ndogo kiasi kile haiwezi kutoa vizuri sauti nzito, zilizo chini ya takriban Hz 200. Albamu ya kwanza ilivumilia hali hiyo kwa sababu midundo yake ilijaa milio ya vidole, vibofyo na kelele kali za juu ambazo simu inazitoa bila shida. Kwenye albamu ya pili, Finneas O'Connell, kaka yake na prodyuza wa albamu zote mbili, ameacha nafasi tupu nyingi na kuiweka nguvu chini kabisa. "Oxytocin", wimbo wa tano, ni wimbo wa klabu wenye besi nzito inayosukuma tangu mwanzo. Kwenye simu unabaki mnong'ono na mdundo mwembamba. Anayesema albamu nzima haina wimbo wa kuchangamsha, mara nyingi wimbo wenyewe umepita masikioni mwake bila nusu yake.

Halafu kuna kuchanganya mpangilio wa nyimbo (shuffle). "NDA" haina mwisho wake. Inaanguka moja kwa moja ndani ya "Therefore I Am". "Not My Responsibility", ambayo ni maneno yanayosemwa tu bila kuimbwa, imewekwa juu ya muziki uleule unaoendelea na kupata mdundo katika "OverHeated" inayofuata. "GOLDWING" inafungua kwa kipande cha kwaya cha Gustav Holst, Billie akiwa amejirekodi tabaka juu ya tabaka hadi akawa kwaya nzima peke yake, kisha inakatwa ghafla na biti. Ukibonyeza kitufe cha kuchanganya, "NDA" inakatika kama faili lililoharibika, na ile hotuba inakuwa kitu cha kurukwa.

La tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Spotify husawazisha ukubwa wa sauti kuelekea kiwango cha LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukicheza albamu kwa mpangilio wake, hutumia kipimo kimoja kwa albamu nzima, kwa hiyo wimbo wa chini unabaki chini na wa juu unabaki juu. Ukichanganya, au ukiucheza wimbo kutoka kwenye orodha yenye wasanii tofauti, kila wimbo unasawazishwa kivyake. Matokeo yake "Your Power", gitaa na sauti tu, unapandishwa, na wimbo wenye vishindo unashushwa mpaka wakaribiane. Albamu iliyojengwa kwa tofauti za juu na chini inakuwa tambarare, kisha analaumiwa msanii.

Mtu akitaka kuihukumu kwa haki, masharti ni mepesi: hedifoni zinazoziba sikio, mpangilio wa asili, na ubora wa strimu usiopungua kbps 160 (kiasi cha data ya sauti kwa sekunde). Kwenye kiwango cha chini kabisa cha Spotify, kama kbps 24, pumzi za mwimbaji na mkia wa mwangwi ndivyo vinavyotupwa kwanza, na nyimbo kadhaa za albamu hii zimesimama juu ya vitu hivyo.

Wimbo unaobeba jina la albamu ndio ushahidi bora. Umewekwa namba 15, karibu na mwisho. Unaanza na mapigo laini ya nyuzi na sauti iliyochujwa, imekatwa besi na ncha za juu, kama vile inatoka kwenye redio ya kale. Mwimbaji anamwambia mpenzi kwa upole kabisa kwamba akiwa mbali naye ana furaha zaidi. Nusu ya wimbo ikifika, kichujio kinaondoka, gitaa la umeme linaingia, ngoma zinafuata, na upole unageuka kuwa mashtaka. Mwishoni anapiga kelele, huku sauti na magitaa vimesukumwa kupita kikomo hadi vilele vya mawimbi vikakatwa. Mkwaruzo ule umekusudiwa. Mtu asiyejua anaweza kudhani hedifoni zimeharibika. Ubora wa chini wa strimu huugeuza kuwa uji wa kelele.

Nusu hiyo ya pili ndiyo iliyosambaa kwenye TikTok, na wimbo ukafika namba 11 kwenye Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani. Watu wengi waliijua albamu kupitia sekunde chache za mayowe, wakaenda kuitafuta, wakakuta dakika 50 za utulivu kabla yake, wakahisi wamedanganywa. Malalamiko yao yanaeleweka. Lakini mayowe yale yana nguvu kwa sababu kwa nyimbo 14 mwimbaji amejizuia. Katika "Your Power" anazungumzia mtu mzima anayemtumia vibaya msichana mdogo, na haipandishi sauti hata mara moja. Katika "Getting Older", wimbo wa kwanza, anataja mambo mazito ya maisha yake juu ya kinanda kinachodundadunda kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho. Shinikizo linajengwa hapo. Msikilizaji aliyekata kipande cha mwisho peke yake amechukua mlipuko bila baruti.

Hoja nyingine ya upande wa lawama, kwamba msanii aliuza utambulisho wake, ina miguu dhaifu. Ilitokana zaidi na nywele alizozigeuza kuwa za dhahabu mwezi Machi 2021 na picha za jarida la Vogue la Uingereza zilizofuata, kuliko na muziki. Waliosema kuzungumzia mwili wake ni biashara mpya wasahihishwe kwa tarehe: maneno ya "Not My Responsibility" yalitoka kwenye filamu fupi aliyoionyesha jukwaani Machi 2020, alipokuwa bado anavaa nguo pana na nywele nyeusi na kijani. Wala timu haikubadilika. Ni yeye na kaka yake tu waliotunga, kama mwanzo. Walihama kutoka chumba cha kulala nyumbani kwa wazazi Los Angeles hadi studio ya nyumbani kwa Finneas, na Rob Kinelski ndiye aliyechanganya sauti za albamu zote mbili.

Palipo na ukweli mchungu ni kwenye urefu. Nyimbo 16 ni nyingi mno kwa mpango huu. Kati ya "Lost Cause", namba 7, na "NDA", namba 13, kuna nyimbo tano, na ni "OverHeated" pekee yenye mdundo wa kumshika msikilizaji. "Halley's Comet" na "Everybody Dies" zote ni nyimbo nzuri, lakini zinafanya kazi moja: mwendo wa polepole, sauti ileile ya karibu na maikrofoni, huzuni ileile. Moja ingetosha. Utulivu unaojenga shinikizo unahitaji kila wimbo uongeze kitu, na hapa kuna takriban dakika kumi ambazo hazijaongeza. Msikilizaji aliyezima simu kabla ya kufika namba 15 hakukosea. Albamu ndiyo iliyomchelewesha. Huenda hili pia lilichangia zaidi kwenye zile strimu milioni 7 kuliko mashabiki wake wanavyotaka kukubali. Ukiondoa nyimbo mbili au tatu katikati, zinabaki kama dakika 45 hadi 49, na wimbo mkuu unafika wakati msikilizaji bado yuko macho.

Tuzo hazisaidii upande wowote. Albamu ya kwanza ilimpa Grammy tano Januari 2020, zikiwemo zile nne kuu. Ya pili iliteuliwa kwa tuzo kadhaa mwaka 2022, zikiwemo albamu, rekodi na wimbo wa mwaka, ikatoka mikono mitupu. Anayeiponda husema majaji waliona; anayeitetea husema kuteuliwa katika tuzo hizo tatu kubwa si jambo la albamu iliyoanguka.

Albamu ya tatu, "Hit Me Hard and Soft" ya Mei 2024, inaonyesha ni malalamiko gani waliyachukua na yapi waliyaacha. Ina nyimbo 10, karibu dakika 44, na haikutanguliwa na singo hata moja. Urefu umerekebishwa. Utulivu haukuguswa: inafunguliwa na "Skinny", wimbo wa taratibu wa gitaa na sauti ya chini unaoishia kwa vinanda vya nyuzi, na nyimbo kadhaa zinageuka katikati na kuwa kitu kingine kabisa, kwa mbinu ileile waliyoijaribu kwenye wimbo namba 15 wa albamu iliyoambiwa imepoa.