Shambani iwashwe redio moja, wote tusikie

Nianze na msimamo wangu kabisa tusizungushane: kazi ya shamba bila muziki ni adhabu, na muziki wa shambani unatakiwa utoke sehemu moja wote mkausikia, sio kila mtu na lake masikioni. Najua humu Dar wengi mtasema huyu mama naye leo kaamkaje, lakini nina kaeneo kangu Mkuranga, mihogo na mikorosho kidogo, wikiendi nikipata nafasi napanda gari pale Mbagala Rangi Tatu naenda, na ninachokiona kwa vijana wanaonilimia ndo kimenifanya niandike.

Kazi wanapiga, hilo silalamiki kabisa, wako vizuri sana kwenye jembe. Ila kila mmoja kaziba masikio na hedifoni. Huyu anasikiliza singeli, yule kaswida, mwingine mahubiri, mwingine uchambuzi wa mechi ya jana. Wanaanza ngwe pamoja saa moja asubuhi, ikifika saa nne mmoja yuko kulee kwenye mikorosho mwingine yuko nyuma peke yake, hamna anayejua mwenzie kafikia wapi, ukimwita hasikii mpaka umfate umguse bega, na mtu anageuka kashtuka na panga mkononi. Na nyoka wapo jamani, Mkuranga ile ina nyoka, mwenzio akipiga kelele "nyoka!" wewe unatikisa kichwa tu na wimbo wako, hivi hapo usalama uko wapi?

Mimi nimekulia kwenye redio moja ya watu wote. Wazazi walikuwa wanakaa Temeke, ila upande wa mama ni Warufiji, likizo zikifika tunapakiwa kwenye basi tunapelekwa kwa bibi na babu huko karibu na Ikwiriri, barabara ya Kilwa enzi hizo ni mchanga na mashimo, unatoka Dar alfajiri unafika vumbi mpaka kwenye kope. Shamba lilikuwa la mpunga, bondeni. Kwa wasioijua Rufiji, msimu ule watu walikuwa wanahama kijijini wanaenda kuishi huko huko bondeni kwenye madungu, vibanda vya kupanda kwa ngazi vimejengwa juu ya nguzo, manake chini kuna maji na usiku kuna nguruwe pori na viboko, na mpunga ukianza kutunga maziwa ndo kweleakwelea nao wanashuka, wanakuja kama wingu, ukizubaa asubuhi moja tu umelima kwa ajili yao. Kwa hiyo ni kuamia, kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Watoto tulikuwa na makombeo na madonge ya udongo, na kamba ndefu zilizofungwa makopo, unavuta kutoka dunguni makopo yanalia shamba zima.

Redio ya babu ilikuwa National, ina koti la ngozi lenye matundu mbele, antena imekatika zamani sana akachomekea waya akaupitisha mpaka kwenye nguzo ya dungu. Ilitundikwa kwenye msumari wake na hamna mtoto wa kuigusa. Betri ndo zilikuwa kazi. Zikianza kuchoka sauti inakuwa ya mtu mwenye usingizi, babu anazitoa anazianika juani pamoja na samaki, jioni anazirudisha inaongea tena kidogo. Zikiwa mpya zinatumika kwa mpango, mambo makubwa ni matatu: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, na muziki. Usiku siku nyingine aliiacha inaongea yenyewe kwa sauti ya chini, alikuwa anaamini nguruwe wakisikia sauti ya mtu hawasogei, na sijawahi kuona sababu ya kumbishia.

Stesheni ilikuwa RTD, yani Radio Tanzania Dar es Salaam, basi. Kabla ya kina Radio One kuingia hewani mwaka 1994 huku bara hukuwa na pa kuhamia, kinachopigwa ndo hicho hicho kinasikika dungu letu na dungu la jirani na la jirani yake, ukitembea kwenye kingo za majaruba unaufuata wimbo mmoja toka mwanzo wa bonde mpaka mwisho bila kukosa neno. Hilo sijalisikia tena popote.

Na muziki wenyewe ulikuwa wa dansi. Sijui waliotunga walikuwa wanafikiria ukumbini tu, lakini mimi nasema zile nyimbo ni za jembe kabisa. Wimbo una dakika saba, nane. Nusu ya kwanza unaenda taratibu, mwimbaji anakusimulia kisa, ndugu kamdhulumu, mke kaondoka na watoto, fulani kaenda mjini hajaandika barua, na wewe unalima mkono unaenda pole pole unasikiliza kila neno manake huna kingine cha kukusumbua akili. Af ghafla magitaa yanabadilika, tarumbeta zinaingia, chemko hilo! Hapo hamna aliyeambiwa ongeza spidi lakini mstari mzima wa watu unaongeza. Mjomba wangu mmoja alikuwa anasikia kabla yetu sote kwamba gitaa la solo linataka kuingia, anasema "haya sasa" kwa sauti ya chini tu, anatema mate mikononi, anashika mpini upya, na kweli sekunde hiyo hiyo linaingia. Bibi alitumia nyimbo kutugawia zamu za kuvuta kamba, wimbo huu wewe, unaofuata mwenzio, na ukipata wimbo mrefu ndo bahati yako mbaya hiyo hamna kulia.

Halafu ubishi. Babu alikuwa shabiki wa Msondo, yani bendi ya Juwata, mjomba wa Sikinde, yani Mlimani Park. Hao wawili wangeweza kupalilia tangu asubuhi mpaka jioni hawajamaliza. Mlimani Park ilipoanzishwa 1978 mwimbaji Muhiddin Gurumo alitoka Juwata, ambayo zamani ilikuwa NUTA, akaenda kuwa mmoja wa walioisimamisha Sikinde, kwa hiyo mjomba akawa anamwambia babu mzee mtu wenu yuko kwetu. Mwaka 1985 Gurumo akahamia bendi nyingine, Safari Sound, baadae akarudi zake Msondo, babu sasa ndo akawa haongeleki! Sisi watoto tulijua bendi zilivyogawanyika kabla hatujajua mikoa ya Tanzania. Sauti ya Bitchuka, sauti ya Gurumo, gitaa la Mulenga, unatambua ukiwa umeinama kwenye majani huoni hata redio iko upande gani. Gurumo alipofariki mwaka 2014 nilimpigia mjomba simu, yule yule wa Sikinde, alikuwa analia.

Sasa niwaambie kwa nini nasema redio iwe ya wote, maana sio starehe tu. Matangazo ya vifo yakianza, bonde zima linanyamaza. Majembe yanasimama. Hamna simu, hamna kitu, ndugu yako akifia Dar au Tanga utajulia hapo hapo, jina linasomwa, na majina ya kupewa habari yanasomwa popote walipo. Siku moja likasomwa jina la kaka wa mzee wa dungu la pili kutoka letu. Yeye mwenyewe alikuwa mbali kwenye maji hakusikia vizuri, ila watu wa madungu mengine wote walisikia, nikaona watu wazima wanateremka ngazi mmoja mmoja, hamna aliyepiga kelele, wanamwendea. Walipomfikia hakuulizwa kitu wala hakuambiwa kitu, akawaona tu walivyokuja wengi akakaa chini kwenye kingo. Jioni ile wakamsindikiza kijijini na sisi watoto tukaachiwa kuamia madungu mawili, lake na letu, mpaka alivyorudi, na mpunga wake haukuliwa. Msiba ule ulisikiwa na watu wote kwa wakati mmoja kwa hiyo ukawa wa wote palepale. Leo mtu anapata meseji ya msiba kwenye simu yuko katikati ya ngwe, mwenzie hatua kumi pembeni anacheka na klipu.

Na kulima kwa muziki hatukuanza na redio. Wasukuma wana bugobogobo yao, watu na majembe na ngoma, vikundi vya kulima kabisa, mdundo ndo unapanga jembe lipande na lishuke lini. Hata serikali ilijua hilo, baada ya tamko la Siasa ni Kilimo la Iringa 1972 nyimbo za kuhimiza kilimo zilipigwa mpaka basi, na bendi zenyewe nyingi zilikuwa za jumuiya na mashirika ya umma. Bibi zile za kuhimiza alizisikiliza kwa heshima tu, alikuwa anasema mimi nahimizwa na njaa, niwekeeni ya mapenzi.

Wengine mtasema nawachukia vijana na singeli yao. Hapana. Singeli imezaliwa humu humu uswahilini Dar, Manzese, Tandale, na ni yetu. Ila inapita midundo 200 kwa dakika, hivi unapalilia mihogo kwa mdundo huo? Utakata miche. Ila siku ya kung'oa mihogo na kubeba viroba kwenda kwenye kirikuu, au kupura mpunga, singeli haina mpinzani, nimeona kwa macho yangu wakipakia gari huku wanacheza na kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Kila kazi na mdundo wake, na palizi inataka dansi.

Kwa hiyo nimenunua spika ya Bluetooth naitundika kwenye mkorosho ulio katikati, hedifoni zinabaki kwenye begi, tumekubaliana: asubuhi zilipendwa zangu, baada ya chai zamu yao. Mwanzoni walinuna kidogo. Sa hivi wanaulizana maswali. Kijana mmoja kaacha jembe kaja mpaka nilipo, "mama samahani, huyu mke alirudi au hakurudi?" Alikuwa anafuatilia kisa cha kwenye wimbo! Na mwenzie akamjibu toka kule mbali hakurudi bwana, we hukusikiliza, wakaanza kubishana, mara wa tatu akaingilia, mara wote wanne wako kwenye mstari mmoja tena. Nilifurahi siku ile jamani, nilifurahi sana.

Ila hapo nikakutana na tatizo ambalo vijana hawana kosa nalo. Wimbo alioulizia, kopi niliyonayo imekatwa. Nyimbo nyingi za dansi zinazozunguka kwenye flashi na simu zimerekodiwa kutoka redioni, na redio nyingi sa hivi zina tabia moja mbaya sana, wanapiga zilipendwa dakika tatu wanakata, wanaingiza tangazo la biashara, tena wanakata palepale chemko linapotaka kuingia. Mnajua zile nyimbo zilirekodiwaje? Bendi nzima inaingia studio ya RTD pale barabara ya Pugu, siku hizi ni barabara ya Nyerere, wanapiga wote kwa pamoja, mwimbaji, magitaa, tarumbeta, ngoma, akikosea mmoja mnarudi mwanzo. Watu wazima zaidi ya kumi wamevumiliana mpaka wimbo ukafika mwisho, halafu wewe umekaa kwenye kiyoyozi unaukata katikati. Na nyingi hazikurekodiwa pengine popote, kanda ni zile zile zilizopo TBC, ambayo ndo RTD ya zamani.

Ninachoomba sio kikubwa. TBC na wengine wenye hizo kanda, tupeni nyimbo nzima, hata kwa kulipia mimi nitalipia. Na watangazaji, kuanzia saa tatu mpaka saa sita mchana, saa ambazo watu wako mashambani na bustani za mchicha na viwanda vya matofali, pigeni wimbo mpaka nota ya mwisho ndo muongee. Tangazo la sabuni linaweza kusubiri dakika nne, kuna watu huku Mkuranga wanangoja chemko wamalizie ngwe.