Mtu mmoja, kura kumi na sita

Mkutano uliitishwa Jumapili saa tisa alasiri, chini ya mwembe, katika paseli, yaani kiwanja, ya jirani huku kwetu Kampemba, Lubumbashi. Sehemu yetu ina nyumba 40. Tunakunywa kisima kimoja kirefu chenye pampu, tunatumia kabini moja ya umeme ambayo tuliichangia wenyewe, tunalipa walinzi wa usiku na fundi wa pampu. Yote hayo yako mikononi mwa komite, na siku ile komite ilikuwa inachaguliwa upya. Wenye nyumba tuliofika tulikuwa 14. Kabla ya kura, prezida aliyekuwa anamaliza muda wake akafungua farde yake, jalada la kuwekea karatasi, akaweka mezani rundo zima.

Zilikuwa prokirasio. Wenye nyumba 17 ambao hawakuweza kufika walikuwa wamemwandikia mtu wa kupiga kura kwa niaba yao. Mbili zilikuwa kwa watu wengine, moja ikiwa kwangu. Kumi na tano zilikuwa zake. Piga hesabu: watu 14 na karatasi 17 ni kura 31, na mwenye 16 ameshinda. Papa Prezida alikuwa na 15 za farde na moja yake mwenyewe. Sisi wengine tungeweza kurudi nyumbani kula.

"Papa, hizi zote ni nani alikupa?" akauliza mama mmoja wa upande wa chini.

"Ni wenyewe, Mama. Wako mbali, wananiamini."

Hakusema uongo. Tulizipitia karatasi zile moja moja, tukakuta sahihi za kweli na nakala za kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho cha wengi. Hapakuwa na wizi. Kilichonisumbua ni kwamba njia halali, iliyofuatwa hatua kwa hatua, ilizaa uchaguzi uliokwisha kabla haujaanza.

Wengine watasema mambo haya ni ya watu wa maghorofa, wa Ulaya na Marekani, kule ambako mwenye chumba cha ghorofa ya nane amefungwa na sheria pamoja na jirani yake wa ghorofa ya pili. Sisi tuna paseli, kila mtu na ukuta wake. Hata udongo wenyewe si wetu: tangu sheria ya 20 Julai 1973 ardhi yote ya Kongo ni mali ya dola, na tunayemwita mwenye nyumba ni mwenye cheti cha kuandikishwa. Lakini pampu haijui tofauti hiyo. Pale watu 40 wanapochangia mashine moja, tayari wana tatizo lilelile la watu wa ghorofa: nani ashike fedha, na nani amchague wa kuzishika. Katiba ya chama chetu ina mstari mmoja tu juu ya jambo hili, kwamba asiyefika anaweza kuwakilishwa. Nani amwakilishe, kwa mikutano mingapi, na mtu mmoja abebe karatasi ngapi, haisemi.

Wanaotaka prokirasio zifutwe katika kuchagua komite wana hoja moja ambayo mimi naiona nzito kuliko zote. Karatasi haina masikio. Siku ile kijana mmoja fundi umeme, naye akigombea, alisimama akaeleza, bila kumtukana mtu, kwamba pampu ilikuwa imeungua mara mbili kwa sababu ya umeme unaopanda na kushuka, na kwamba kifaa cha kuilinda kingegharimu kidogo kuliko matengenezo. Watu walitikisa vichwa. Nadhani aliwageuza wawili au watatu. Lakini zile 15 hazikutikisika, maana ziliamua wiki mbili nyuma, Kolwezi, Kinshasa na Liège kule Ubelgiji, kabla kijana hajafungua kinywa. Mkutano ambao wengi wake wako ndani ya farde unageuka kuwa sherehe ya kusoma matokeo.

Hoja ya pili inahusu daftari la simu. Nani ana namba za wenye nyumba wote 40, pamoja na wale wasioonekana mwaka mzima? Ni komite, kwa sababu ndiyo inayowadai mchango. Anayetaka kushindana na prezida hana daftari hilo. Atapiga simu kwa nani? Naye asiyekuwepo husikia habari za kisima kwa mtu mmoja tu, yule anayempigia. Pampu ikiungua, atakayemweleza kwa nini imeungua ni yuleyule anayemwomba karatasi. Katika hali hiyo huhitaji kughushi sahihi. Salamu tu zinatosha.

Nchi zilizoishi na jambo hili kwa muda mrefu hazikuchagua njia moja. Florida ilikata mzizi: bodi ya chama cha kondo, yaani jengo la ghorofa lenye wamiliki wengi, haichaguliwi kwa prokirasio, isipokuwa katika vyama vidogo sana. Mwenye nyumba hupelekewa karatasi ya kura, huiweka ndani ya bahasha, huirudisha mwenyewe. Prokirasio ya kawaida inabaki na kazi ya kuhesabu waliohudhuria, na kwa baadhi ya maamuzi hutumika ile yenye maelekezo, ambayo mwenyewe ameandika humo ndiyo au hapana. Ubelgiji haikufuta, iliweka mipaka. Mtu habebi zaidi ya prokirasio tatu, isipokuwa jumla ya kura zake na za aliowabeba haipiti asilimia 10 ya kura zote. Meneja wa jengo habebi hata moja. Karatasi lazima itaje jina la anayepewa, na haifai kwa zaidi ya mkutano mmoja, isipokuwa imefanywa mbele ya notari, ofisa wa kuthibitisha hati. Tena hakuna anayeruhusiwa kupiga kura nyingi kuliko za wengine wote waliomo mkutanoni zikijumlishwa. Ufaransa nayo inahesabu kwa tatu na asilimia 10. New South Wales, Australia, ni kali zaidi: jengo lenye sehemu 20 au chini, karatasi moja kwa mtu, zaidi ya hapo, asilimia 5 ya sehemu zote.

Nilizipima sheria hizo kwa farde yetu. Kwa kanuni ya Ubelgiji, Papa Prezida angekuwa na kura nne, yake na tatu za kubeba. Kwa ile ya New South Wales, asilimia 5 ya nyumba 40 ni mbili, kwa hiyo angekuwa na tatu. Kura 16 zake dhidi ya 15 zetu sote zisingepita kwa hesabu yoyote kati ya hizo.

Basi tufute, au tupunguze? Hapo ndipo nilipoanza kusitasita.

Sababu ya kwanza ni akidi. Katiba yetu inataka nusu ya wenye nyumba, yaani 20, wawepo au wawakilishwe. Tulikuwa 14. Bila karatasi zile, mkutano haukuwa mkutano. Na mkutano ukishindikana, nani anabaki madarakani? Komite ileile. Watu hulisahau hili wanapopiga kelele dhidi ya prokirasio. Kuzifuta bila kugusa akidi ni kumpa prezida ushindi wa bure, bila hata usumbufu wa kupiga simu. Florida waliona mtego huo: kwa kuchagua bodi hawasubiri akidi, inatosha asilimia 20 ya wenye haki ya kupiga kura wawe wamerudisha karatasi zao. Kwetu ingekuwa watu wanane. Ubelgiji wana mlango mwingine: mkutano wa kwanza ukikosa watu, wa pili unaitishwa baada ya siku 15 au zaidi, na waliofika wanaamua, hata wakiwa wachache namna gani.

Sababu ya pili ni bahasha. Huko Florida bahasha inasafiri kwa posta. Kwetu inasafiri na binamu, au na dereva wa basi la Kolwezi, au kwa picha ya WhatsApp. Bahasha inayobebwa na binamu ni prokirasio yenye gundi. Na hata posta inayofanya kazi si dawa. Las Vegas, kati ya 2003 na 2009, kundi la watu walijipenyeza katika bodi za vyama vya wenye nyumba ili wajipatie kazi za ujenzi na za mawakili. Walighushi kura za wenye nyumba waliokuwa wakiishi nje ya mji, wakazipeleka California na kuzituma kutoka huko kwa barua, zionekane zimetoka kwa wenyewe. Watu zaidi ya 40 walihukumiwa. Asiyekuwepo anaibiwa kirahisi kwa karatasi ya aina yoyote, kwa sababu hayupo kusema "mimi sikuandika hivyo".

Kuna jambo lingine ambalo sheria za nchi hizo zinaligusa kidogo tu, na kwetu ni kubwa. Anayekunywa maji yale mara nyingi si mwenye kura. Nyumba nyingi huku zina wapangaji. Mpangaji ndiye anayejua pampu ilizima siku ngapi, ndiye anayeamka usiku kungoja zamu ya maji, lakini katiba haimpi kiti. Prokirasio ndiyo mlango pekee anaoweza kuingilia. Mwenye nyumba aliye Kinshasa akimwandikia mpangaji wake badala ya prezida, kura yake inakuwa na macho na masikio. Katika zile 17, aliyempa mpangaji alikuwa mmoja tu. Nilimuuliza jirani mmoja anayefanya kazi Kolwezi kwa nini hakufanya hivyo naye. Akacheka: "Yaya, nimpe lokatere karatasi yenye jina langu na sahihi yangu? Kesho atasema paseli ni yake." Katika mji huu, ambako paseli moja inaweza kuuzwa mara mbili, hicho si kichekesho.

Nyumba za urithi nazo ni hivyo hivyo. Cheti bado kina jina la baba aliyefariki, watoto ni sita, mmoja yupo na watano wako mbali. Ufaransa na Ubelgiji zinadai warithi wachague mtu mmoja wa kuwawakilisha wote. Sisi tunaliachia baraza la familia, na mara nyingi mkubwa ndiye anayesema. Wako pia akina mama ambao cheti kina jina la bwana. Hadi Kanuni ya Familia iliporekebishwa mwaka 2016, mke alihitaji idhini ya mumewe kwa vitendo vya kisheria. Sheria imebadilika, mazoea bado yanaburuta miguu. Mama anayeishi hapa miaka 20, ambaye bwana yake yuko kwenye machimbo, huambiwa alete karatasi. Na kama bwana alishamwandikia prezida? Nimeliona hilo. Mama alikaa pale anasikiliza jina la nyumba yake likipiga kura.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, nao hautawafurahisha wote. Prokirasio zibaki, hata katika kuchagua komite. Lakini wanaogombea, na wanakomite wanaomaliza muda, wasibebe hata moja. Huo ndio msumari wenyewe. Mipaka ya tatu au mbili ni nyongeza tu, maana mwenye daftari la simu anaweza kugawa karatasi 15 kwa rafiki zake watano na hesabu ikatoka ileile. Karatasi iandikwe jina la mbebaji na tarehe ya mkutano kwa mkono wa mwenyewe, isomwe kwa sauti kabla ya mjadala, na kila mgombea apewe namba za wenye nyumba wote siku ileile komite inapoanza kupiga simu zake. Mtu akisema hapo siri ya kura imepotea, ni kweli. California wanalinda siri hiyo kwa bahasha mbili, moja ndani ya nyingine. Kwetu, kati ya siri na kujua nani amebeba nini, kwa sasa nachagua la pili.

Ile prokirasio yangu ilikuwa ya dada yangu mkubwa aliye Liège. Aliniandikia tu: "Piga unavyoona." Niliona vema kumpa yule kijana fundi kura zote mbili, yangu na yake. Jioni nikampigia simu kumweleza, nikidhani atanipongeza. Akanyamaza kidogo.

"Mdogo wangu, mbona hukuniuliza? Yule mzee ndiye aliyesimama mbele ya geti langu mwaka ule watu walipokuja na cheti cha uongo. Wewe ulikuwa Likasi."

Nilikuwa Likasi, kweli. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo nilipokuwa nahesabu farde.

Mwezi ujao kuna mkutano mwingine, wa kuchagua mshika fedha, na Papa Prezida amemleta mtu wake. Jana dada ametuma picha ya karatasi. Ina jina langu, tarehe, na chini yake, kwa herufi kubwa, jina la mtu wa prezida. Nitaipeleka kama ilivyo, nisome jina hilo mbele ya watu wote, kisha nipige kura yangu kwa mwingine.