Karani asichape upya kabla baiti hazijatazamwa

Msimu wa korosho uliopita, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya Tandahimba alinijia hapa Mtwara mjini na flashi mkononi, macho mekundu kwa kukesha. Orodha yake ya wakulima kwenye kompyuta ilikuwa ikitoa jina la mahali, Mahuta, mara mbili, kila moja na jumla yake ya kilo. Ukizitazama, ni zilezile herufi kwa herufi. Alikopita mwanzo aliambiwa faili limeharibika, achape upya. Majina mia sita na ushee!

Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika xxd na jina la faili. Programu hii huja pamoja na Vim, kihariri cha maandishi. Inalianika faili baiti kwa baiti, yaani vipande vidogo ambavyo kompyuta huhifadhia herufi, 16 kila mstari: kushoto namba ya mahali ulipofika, katikati heksa (kila baiti kwa tarakimu mbili, 0 hadi 9 na a hadi f), kulia herufi zenyewe, na nukta pale ambapo baiti si herufi ya kawaida. Mahuta ya kwanza ilikuwa 4d 61 68 75 74 61, kisha koma. Ya pili ilikuwa na c2 a0 mkiani, na upande wa kulia pakasomeka “Mahuta..”. Nukta mbili hizo ndizo zilizomkesha. Katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, c2 a0 ni nafasi isiyokatika, ile inayozuia maneno mawili yasitenganishwe mwisho wa mstari. Ukinakili kutoka ukurasa wa wavuti, unaibeba bila kujua.

“Kumbe si mimi, kaka,” akasema. Siku tatu alikuwa akijilaumu.

Ndiyo maana sipendi kabisa kusikia mtu akitamka “limeharibika” kabla hajatazama ndani. Kuna mwanafunzi naye alileta fomu ya PDF isiyofunguka. PDF huanza na 25 50 44 46, yaani %PDF. Yake ilianza na <!DOCTYPE html. Huo ni mwanzo wa ukurasa wa wavuti: alikuwa amepakua ukurasa wa kuingilia (login) akidhani ndiyo fomu. Basi, akapakue tena.

Heksa inatisha mara ya kwanza, nakubali. Lakini huhitaji kuikariri. Anza na safu ya kulia, na ukikuta nukta mahali ambapo hukutarajia kitu, simama hapo. Tena ukiita hivyo, xxd inasoma tu, faili lako haliguswi. Usipoikuta kwenye Linux yako, ipo od, programu ya kazi hiyohiyo, ya tangu Unix ya 1971.

Wanaoendesha mafunzo ya makarani kabla maghala hayajafunguliwa, nawaomba saa moja tu kwa jambo hili. Kilo za Mahuta ni ada za shule za watoto wa watu. Nitakuja na kompyuta yangu, iwe Newala, iwe Nanyumbu, na nauli nitajilipia.