Uzuri wa bwawa na usalama wa tuta

Mtu anayetoka Ziwa Duluti, pale Tengeru, kisha akaenda kupumzika Jumapili kando ya bwawa dogo la shamba la kahawa, anaweza kudhani kwamba ameona maji ya aina moja mara mbili. Duluti ni ziwa la kreta. Maji yake yameketi ndani ya shimo la volkano, na hakuna ukuta wa binadamu unaoyazuia. Bwawa la shambani, hata likipambwa kwa mitumbwi, bata na viti vya kivulini, linashikiliwa na tuta la udongo ulioshindiliwa, na nyuma ya tuta hilo kuna bonde ambalo siku hizi mara nyingi limejaa nyumba.

Kuhusu mabwawa ya namna hiyo katika miteremko ya Mlima Meru, zipo kauli mbili. Wanaoishi chini ya tuta husema maji yafunguliwe yaende zao, kwa kuwa hakuna starehe inayostahili kuwanyima watu usingizi kila masika. Wenye mabwawa, pamoja na wageni wao, hujibu kwamba tuta limesimama tangu enzi za wazee na halijamdhuru mtu.

Jibu hilo la pili si la kupuuzwa. Matuta mengi ya udongo hufichua kasoro zake maji yanapojazwa kwa mara ya kwanza, kama lilivyofanya bwawa la Teton katika jimbo la Idaho, Marekani, lililobomoka tarehe 5 Juni 1976 likiwa bado linajazwa, na watu 11 wakafa. Tuta lililovuka hatua hiyo na kuhimili mvua nyingi limethibitisha jambo fulani. Hata hivyo, tuta lililothibitishwa wakati ule silo lililopo leo: bomba la chuma lililopita chini yake limekula kutu, kilele kimetitia, na utoro wa maji, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada, umejaa tope au umefanywa bustani. Kwenye bwawa moja ninalolifahamu, mdomo wa utoro umepandwa maua, na lazima nikiri kwamba yamependeza.

Hapo ndipo lilipo tatizo la bwawa la mapumziko, nalo ni tofauti na la bwawa la umwagiliaji. Ndiva za Upare, yaani mabwawa madogo ya jadi ya kumwagilia mashamba, hujazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, hivyo anayeihudumia ndiva huuona ukuta wake wa ndani karibu kila siku. Bwawa la mapumziko hutakiwa kujaa mwaka mzima, kwa sababu hakuna mgeni anayelipia kutazama tope. Udongo wake haupumziki, nafasi kati ya usawa wa maji na kilele cha tuta hubaki ndogo, na upande wa ndani haukaguliwi.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni wa South Fork, Pennsylvania. Bwawa lile la udongo lilimilikiwa na klabu ya matajiri waliokwenda huko kuvua samaki na kupunga upepo. Kilele cha tuta kilishushwa ili magari ya farasi yapite vizuri, wavu ukawekwa kwenye utoro ili samaki wasitoroke, na mabomba ya kutolea maji chini, yaliyokuwa yameng'olewa na mmiliki wa awali, hayakurudishwa. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, maji yalipita juu ya tuta na kulibomoa, na watu zaidi ya 2,200 wakafa katika mji wa Johnstown na vijiji vya jirani. Mabwawa ya huku ni madogo mno kulinganishwa na lile, lakini bwawa la ekari 2 lenye kina cha wastani cha mita 3 bado linabeba takriban tani 24,000 za maji. Na jirani zetu wa Solai, kaunti ya Nakuru, walipoteza watu wasiopungua 47 usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shamba binafsi lilipopasuka.

Suala la miti ni gumu zaidi kuliko linavyoonekana. Mizizi hufungua njia ya maji ndani ya tuta, na mti ukiangushwa na upepo hung'oka na kipande cha udongo. Kwa hiyo mche unaoota juu ya tuta ung'olewe ukiwa bado mche. Lakini mgrevilea uliokwisha kuwa mkubwa ukikatwa leo, mizizi yake itaoza polepole na kuacha mashimo ambamo maji yatapenya. Anayedai miti yote ifyekwe mara moja, na anayeitetea kwa sababu ya kivuli, wote wawili wanahitaji mhandisi wa kuwaambia ni mti upi uondolewe pamoja na mizizi yake na shimo lake lishindiliwe udongo upya.

Kufungua maji yote, kama wanavyotaka watu wa bondeni, nako kuna hatari zake. Maji yakishushwa kwa kasi, udongo wa upande wa ndani hubaki umelowa na mzito huku maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka, na unaweza kuporomoka. Isitoshe, bwawa tupu lisilobomolewa rasmi litajaa tena lenyewe mvua ikinyesha, safari hii bila mwangalizi.

Mimi naegemea upande wa kulibakiza, kwa masharti ambayo mwenye bwawa hatayafurahia. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inagusa usalama wa mabwawa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina ofisi zake Moshi, kwa hiyo kisingizio cha kutojua pa kuuliza hakipo. Kabla ya hapo, mtunza bustani afundishwe kutazama nyuma ya tuta: maji machache safi yanayochuruzika yapimwe na kuandikwa kila wiki, lakini yakianza kutoka na tope, hiyo ni dalili kwamba udongo unachukuliwa kutoka ndani, na walioko bondeni waambiwe siku hiyohiyo. Maua ya kwenye utoro yahamishwe. Tena usawa wa maji ushushwe taratibu, kwa kiwango atakachokubali mhandisi, kabla ya mvua za Machi, ubaki hivyo hadi Mei iishe. Kingo zitaonyesha tope, ni kweli, ila Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo wageni wa Arusha huwa wachache kuliko wakati wowote wa mwaka.